Bwana misitu kahamishwa, ofisi imebaki na nini? Hatua za kutunza kumbukumbu za kazi ya mazingira, halmashauri mpaka kijijini

Siku nakabidhiwa ofisi ya misitu kwenye halmashauri fulani, miaka mingi imepita sasa, makabidhiano yalichukua kama dakika arobaini hivi. Pikipiki moja, jipiesi mbili za kupimia mahali (moja betri haikai na chaji), kabati la chuma, funguo tatu, mafaili yamepangwa vizuri kabisa na orodha yake juu. Tukasaini kopi tatu, mwenzangu akawahi basi la jioni ileile maana huko anakohamia shule zilikuwa zinafungua na watoto walikuwa wanamsubiri. Mtu mwema na mchapakazi, hakunificha kitu. Wiki ya pili wakaja wazee wanne wa kijiji kimoja, wamekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, nikawaamkia shikamooni, wakaitikia, alafu mkubwa wao akauliza, "Mwanangu, ile ahadi ya mwenzako kuhusu jiwe la tano imefikia wapi?"

Nikafungua faili. Hakuna ahadi, hakuna jiwe la tano. Nikapiga simu, hapatikani, kituo chake kipya mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani. Ndo siku nilipojua nimekabidhiwa vitu tu, kazi yenyewe imeondoka na lile basi.

Nimehamishwa mara nne tangu hapo, nimeachiwa ofisi na mimi nimeachia watu ofisi, na haya nayoandika ni yale ninayoyafanya sasa kila ninapoona mtu anakaribia kuondoka. Nawaandikia maafisa misitu na mazingira, watendaji wa vijiji na kata, makatibu wa kamati za maliasili, na wakuu wa idara ambao wanaweza kulifanya hili liwe utaratibu badala ya hiari ya mtu.

Kwanza niseme kwa nini upande wetu unaumia kuliko idara nyingine. Mhasibu akiondoka leo, namba ziko kwenye mfumo, mwingine anafungua anaendelea. Sisi tunashughulika na miti inayochukua miaka thelathini kukua, na mto unaokumbuka mafuriko ya nusu karne, wakati afisa anakaa miaka mitatu minne, mwenyekiti wa kijiji miaka mitano, na mradi wa wafadhili unafunga virago ukishafika mwisho wa bajeti yake. Hakuna hata mmoja anayekaa muda mrefu kama kitu anachokisimamia. Na nchi yetu Tanzania ilishaionja hii kwa ukubwa wake, 1972 serikali za mitaa zikafutwa tukaingia Madaraka Mikoani, utaratibu wa serikali kuu kuendesha mambo kupitia mikoa, zikarudishwa kwa Sheria namba 7 na namba 8 za 1982 na kuanza kazi 1984, miaka yote hiyo kumi na miwili watu wametawanyika na makaratasi yao. Alafu tukaja kwenye kugawa, 2012 ikazaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, 2016 Songwe, na halmashauri mpya kibao, na kila anayetoka kwenye halmashauri mpya anajua ninachosema: magari yanagawanywa, watumishi wanagawanywa, mafaili yanabaki kwa halmashauri mama. Wenzetu wa Kenya nao 2013 kaunti 47 zilirithi kazi za mabaraza 175 kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo usijilaumu ukikuta ofisi haijui mambo yake yenyewe, ila usikubali ibaki hivyo.

Hatua ya 1: Andika nani anajua nini, na anaondoka lini

Chukua karatasi moja tu. Usianze na orodha ya mafaili, anza na watu. Nani ndo pekee anayejua mipaka ya msitu wa kijiji fulani? Nani anajua nyundo ya kugongea magogo inakaa kwa nani na nani alisainia? Nani huwa anaongea na wafugaji wakishuka na mifugo kiangazi, na wanamsikiliza kwa nini? Utashangaa nusu ya majina sio maafisa. Kuna mlinzi wa bustani ya miche, kuna mama mmoja katibu wa kamati aliyeandika mihutasari yote kwa mkono wake, kuna dereva.

Pembeni ya kila jina andika tarehe ya kuondoka. Nyingi zinajulikana mapema kabisa. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55, hiyo tarehe ipo tangu mtu anaajiriwa, hakuna sababu ya kushtuka mwezi wa mwisho. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila baada ya miaka mitano, tumefanya 2014, 2019, 2024, kwa hiyo unajua lini mwenyekiti na halmashauri nzima ya kijiji, watu 15 mpaka 25, wanaweza kubadilika siku moja. Mradi una tarehe ya kufunga kwenye mkataba. Uhamisho ndo hauna tarehe, kwa hiyo kwa afisa yeyote aliyekaa kituoni zaidi ya miaka mitatu, hesabu kwamba barua iko njiani.

Yule mwenye tarehe ya karibu na anayejua vitu ambavyo hakuna mwingine anavijua, anza naye wiki hii.

Hatua ya 2: Kaa naye, rekodi, na uliza maswali ambayo ripoti haiyaulizi

Ukimwambia mtu "niandikie unachokijua" hataandika, au atakuletea ripoti ya robo mwaka. Kaa naye. Omba ruhusa, weka simu mezani irekodi sauti, saa moja inatosha kwa siku, rudi tena kesho. Maswali yaliyonisaidia mimi ni haya:

- Ukiondoka kesho asubuhi, mimi nitakosea wapi kwanza?
- Nini umekiahidi kwa mdomo ambacho hakijaandikwa popote?
- Nani ukimpitia mwenyekiti bila kumpitia yeye kazi inakwama?
- Ni eneo gani huendi mwezi fulani, na kwa nini?
- Ni kitu gani mlijaribu kikafeli, na mnadhani kilifeli kwa sababu gani?
- Kwenye faili hili, ni karatasi ipi ambayo sio kweli tena?

Hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi sana. Kila faili lina ramani iliyopitwa na wakati au orodha ya kamati ambayo nusu wamehama na wawili wametangulia mbele ya haki, na anayejua ni mwenye faili tu.

Na swali la ahadi usiliruke kabisa. Kama yule mwenzangu angeulizwa hilo siku ile, angenijibu kwa nusu dakika.

Kwa wazee wa kijijini nenda taratibu zaidi, nenda na mtu wanayemfahamu, usianze na karatasi wala rekoda. Mzee hakupi tarehe, anakupa tukio, "mwaka ule wa El Niño maji yalifika pale kwenye mwembe wa fulani". Hiyo ni tarehe tosha, ni mvua za 1997 kwenda 1998, na huo mwembe ni kipimo kizuri cha mafuriko kuliko makadirio ya mtu aliye ofisini. Nenda kauone, piga picha, pima mwembe uko umbali gani na ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ugomvi wetu kila siku ni mita 60 kuanzia wapi, maana mto unahama. Ukiwa na alama tatu nne za maji yalipowahi kufika, unapokaa na wenye mashamba unaongea na ushahidi wa baba zao wenyewe.

Watu wa Kilosa, kule Morogoro, wanalijua hili kwa uchungu. Mji ule ulikuwa unakingwa na tuta kando ya Mto Mkondoa lililojengwa enzi za mkoloni, na mafuriko ya Desemba 2009 kuingia Januari 2010 yalilivunja, maelfu wakaishia kwenye mahema na reli ya kati ikakatika. Kwenye wilaya yako pia kuna tuta, bwawa, au mfereji uliojengwa na watu ambao hawapo, na wapo wazee wachache wanaojua mahali panapovuja kila masika. Waulize kabla ya masika.

Hatua ya 3: Tembea naye porini, usiishie ofisini

Hii ndo hatua kubwa na ndo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu inataka mafuta na siku mbili tatu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, weka hapa.

Nirudi kwenye jiwe la tano. Mwenzangu nilimpata hewani baada ya wiki tatu, akaniambia hivi. Mawe ya mpaka namba moja mpaka nne ya ule msitu waliyaweka wakitembea na wazee, kuna mawe ya asili, kuna mkuyu, kuna korongo, kila mtu anapaona. Kuanzia la tano, mstari wa mpaka unaingia uwanda wazi, hakuna cha kushika, basi wakachukua namba kutoka ramani ya zamani wakaziingiza kwenye jipiesi. Ile ramani imechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, kama ramani zetu nyingi za zamani zilivyo, na jipiesi ilikuwa imesetiwa mfumo mwingine, WGS84, na namba zilezile ukizisoma kwa mifumo hii miwili unasogea karibu mita 300. Jiwe likakaa ndani ya mashamba ya kijiji jirani. Baadaye aliligundua kosa, akawaambia wazee atarudi kulipima upya, ndo barua ya uhamisho ikaingia. Na mimi kwa wiki hizo tatu nilishaenda na watu wangu, nikasimama kwenye lile jiwe nikaamini ndo mpaka kwa sababu lina namba na saruji, nikawaambia wenye mashamba wahame. Ilituchukua miezi minane kurudisha maelewano ya vile vijiji viwili, na kuna familia mbili nadhani hazijasemeshana mpaka leo.

Kwa hiyo mkitembea, andikeni hivi kwa kila pointi:

Namba za jipiesi *pamoja na mfumo uliotumika* na kanda ya UTM (vile vipande vya dunia vyenye namba vinavyotumika kwenye ramani). Kwetu ni 35, 36 au 37 kusini kutegemea uko upande gani wa nchi. Namba bila mfumo ni namba ya bahati nasibu, usiipokee kwa mtu na usimpe mtu.

Picha nne, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na mtu asimame kwenye picha moja ili ukubwa uonekane. Jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, lugha yao, sio jina la kwenye ramani tu. Nani alikuwepo siku hiyo, pande zote mbili za mpaka. Kama hati ya zamani imeandika eka na mpango mpya umeandika hekta, hakikisha mtu hajabadilisha neno bila kubadilisha namba, hekta moja ni eka mbili na nusu kasoro kidogo, na nimeshaona msitu "ukikua" zaidi ya mara mbili kwenye karatasi kwa kosa hilo tu.

Na umwache anayeondoka atangulie mbele. Wewe fuata nyuma uangalie anapopunguza mwendo. Nilitembea na bwana nyuki mmoja aliyekuwa anastaafu, ofisini alikuwa ameniambia kila kitu nikaona nimemaliza, tulipofika sehemu moja akasimama, akaangalia juu, akasema "hapa usiruhusu mizinga zaidi ya hii, maji yako mbali, makundi yatahama". Hakuna swali ningeuliza ofisini likatoa hiyo.

Hatua ya 4: Fungua daftari la sababu

Muhtasari wa kikao unaandika azimio. Sababu inabaki vichwani mwa waliokuwepo.

Kijiji kimoja kilikuwa na msitu wake wa hifadhi umegawanywa kanda, na muhtasari unasema, nanukuu kwa kumbukumbu yangu, "kanda ya tatu isivunwe". Basi, nukta. Uchaguzi wa 2019 ukaleta serikali mpya ya kijiji, vijana wazuri tu wenye nia njema, wakaona kanda ya tatu ndo ina miti mikubwa, wakamuuliza afisa kwa nini haivunwi, afisa naye mgeni, akapekua, hakuna sababu. Wakafungua, wakakata mkaa. Kiangazi cha pili baada ya hapo kijito kinachopita shuleni kikakauka mwezi wa tisa, wakati wenyeji wanasema kilikuwa kinafika mpaka mvua. Mvua za miaka ile nazo zilikuwa mbaya, siwezi kuitupia miti lawama yote. Ila mzee mmoja wa kamati ya zamani alipoulizwa alisema, "Pale tulipafunga kwa ajili ya chemchemi, mbona tulienda watatu tukaoneshwa na bwana maji." Watatu. Wawili walishafariki, na huyo wa tatu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daftari la sababu ni kaunta buku ya kawaida. Kila azimio kubwa linaandikwa kwa namna hii:

*Tumeamua:* kanda ya tatu isivunwe. *Kwa sababu:* chemchemi inayolisha kijito cha shule iko chini ya mwinuko huu, tumeoneshwa. *Waliokuwepo:* majina na vyeo. *Tuliyakataa haya:* kuvuna miti iliyoanguka tu, kwa sababu njia ya matrekta ingepita juu ya chemchemi. *Tutabadilisha uamuzi kama:* mtaalamu wa bonde la maji akipima na kusema vinginevyo. *Tuangalie tena:* kila Septemba, maji yakiwa chini kabisa.

Ule mstari wa "tutabadilisha kama" unawapa heshima wanaokuja. Hauwafungi mikono, unawaambia waangalie nini kabla ya kufungua. Liandikwe Kiswahili cha kawaida, hata kama ripoti ya kwenda juu ni ya Kiingereza, maana atakayelisoma miaka kumi ijayo ni katibu wa kijiji.

Hatua ya 5: Andika na yaliyofeli

Hakuna anayetaka kuandika miche elfu kadhaa ilikufa. Lakini kule pwani kuna fukwe za tope ambazo kila mradi ukija unapanda mikoko palepale, inakufa palepale, mradi unaofuata nao unapaona peupe unasema hapa pamekosa miti. Wavuvi wako pembeni wanaangalia. Wanajua mkoko aina ya mlilana unavumilia mbele kwenye maji ya bahari na aina ya mkandaa unataka nyuma, wanajua mahali mawimbi ya kusi yanapong'oa kila kitu, na wangesema kama wangeulizwa. Karatasi moja ingetosha: mwaka, mahali, aina ya mche, idadi iliyopandwa, idadi iliyobaki baada ya mwaka, tunadhani ilikufa kwa nini.

Shinyanga walijifunza hivyo. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 mkazo ulikuwa kwenye bustani za miche na kupanda miti, ikiwemo ya kigeni, na baadaye ndo wakageukia ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho litumike kiangazi, na miti ikarudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa chini. Ujuzi ulikuwepo mkoani muda wote, tena una jina lake. Ulihitaji ofisi ikubali kwamba njia ya kwanza haitoshi na iulize wenye nchi.

Hatua ya 6: Weka mahali ambapo hata wewe ukifa panafikika

Samahani kwa lugha hiyo ila ndo kipimo. Laptopu binafsi sio mahali. Fleshi ndani ya droo sio mahali. Barua pepe yako binafsi sio mahali, tumia ya serikali. Grupu la WhatsApp la kamati ni zuri kwa kuitana doria, lakini simu ikidondoka kisimani picha zote za mipaka zimeenda.

Sehemu tatu: masijala kwenye jalada rasmi lenye folio, yaani kila karatasi na namba yake (au kwenye e-Ofisi, mfumo wa majalada wa kompyuta, kama mnayo), kompyuta ya idara yenye kopi nje ya jengo hilo, na kopi ya karatasi kijijini. Hiyo ya kijijini ndo ya muhimu kuliko zote, kwa sababu afisa atahama lakini kijiji kipo. Iwekwe kwenye mfuko wa plastiki mgumu ndani ya sanduku la bati, mchwa na panya hawana huruma na ofisi zetu za vijiji, na funguo mbili, moja kwa mtendaji na moja kwa mtu ambaye sio mtumishi.

Majina ya mafaili ya kompyuta yaanze na mwaka, alafu kijiji, alafu kitu chenyewe. "Ripoti mpya FINAL 2" haitamsaidia mtu. Na jalada la ofisi usiondoke nalo kwenda nalo nyumbani hata kwa nia njema, wala usichome makaratasi ya zamani kupata nafasi kabatini, zile ni kumbukumbu za umma na zina Sheria yake, namba 3 ya 2002. Mambo ya watu binafsi, kwa mfano majina ya waliotoa taarifa za wavuna magogo usiku, yasiingie kwenye kopi ya kijijini, yakae sehemu ya siri masijala. Mtu anaweza kuumizwa.

Hatua ya 7: Makabidhiano yenyewe

Omba siku tano za kuwa pamoja, anayetoka na anayeingia. Mkuu wa idara, tafadhali, hili liko mikononi mwako, bajeti yake ni ndogo kuliko gharama ya mgogoro mmoja wa ardhi. Siku mbili za ofisini, tatu za kutambulishana. Kutambulishwa ni muhimu kuliko mafaili, mzee akiona umekuja na yule anayemwamini, umerithi imani yake nusu, nusu utaitafuta mwenyewe. Ikishindikana siku tano, angalau simu tatu zilizopangwa tarehe: baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, na msimu ukibadilika, kwa sababu maswali ya kiangazi hayaji masika.

Kijijini, baada ya uchaguzi, mtendaji ndo anayebaki kwa hiyo yeye ndo aweke makabidhiano kwenye ajenda. Kamati ya zamani isimame mbele ya mkutano mkuu wa kijiji isome daftari la sababu kwa sauti, azimio kwa azimio, mpya waulize maswali hapohapo. Nimeona ikifanyika mara mbili. Ilichukua mchana mzima, na mara zote mbili kuna mtu kwenye umati alinyanyua mkono akarekebisha kitu ambacho kamati ilikuwa imekiandika vibaya.

Na kama mtu alishaondoka?

Wengi wenu mko hapa. Usikate tamaa, ujuzi haupotei siku moja, unatawanyika.

Anza na dereva. Nasema kwa moyo wote, dereva wa idara aliyekaa miaka kumi na tano anajua kila njia, kila mpaka, kila nyumba ya mjumbe wa kamati, na vikao vingi alikuwa amekaa nyuma anasikiliza. Kisha mtunza kumbukumbu wa masijala, muombe majalada yaliyofungwa, sio yaliyo wazi tu. Halmashauri mama kama mligawanywa, nenda mwenyewe usitume barua. Ofisi ya bonde, nchi ina mabonde tisa ya maji na wanatunza vipimo vya mito. TFS wa wilaya, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Maktaba ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, maana wanafunzi wamefanya tafiti kwenye vijiji vyetu kwa miaka mingi, wakahoji wazee ambao leo hawapo, na tasnifu zimekaa pale zinasubiri mtu wa halmashauri azisome. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kuna vitabu vya wilaya vya enzi za ukoloni, soma ukijua nani aliandika na kwa faida ya nani, lakini mito na misitu ilivyokuwa imo. Na mstaafu mwenyewe! Wengi wanaishi kilomita chache tu kutoka ofisini na hakuna aliyewahi kuwapigia. Mpelekee sukari, msalimie, keti.

Hatua ya mwisho: jaribu faili lako

Ukishamaliza, mpe faili mtu asiyejua eneo kabisa, umtume atafute mawe ya mpaka kwa kutumia maandishi yako peke yake, wewe usiende na usipokee simu.

Sisi tulimtuma binti aliyekuja mafunzo kwa vitendo, pamoja na dereva mgeni kutoka idara nyingine. Mawe kumi na moja, siku mbili. Walirudi jioni ya pili wamejaa vumbi, wamepata tisa. La nane tulikuwa tumeandika "kushoto kwa njia" bila kusema unatokea wapi. La kumi mti wa alama ulikuwa umeshakatwa. Tumeyarekebisha yote mawili. La tano walilipata asubuhi ya siku ya kwanza, binti kapiga picha zake nne, na kwenye ile ya upande wa mashariki anaonekana mwenye shamba jirani amesimama upande wake wa jiwe, mkono umeshika jembe, anatabasamu.